Kwa nini Ujerumani haina jiji moja linaloyameza mengine yote kama Paris au London?

#1 MzeeWaRamani

Wakuu, salaam.

Ukitaja Ufaransa, kila mtu anawaza Paris. Jiji lile pamoja na vitongoji vyake lina watu wapatao milioni 12 katika nchi ya watu milioni 68, na linalofuata liko nyuma mno. Uingereza ni hivyo hivyo: London inakaribia milioni 9, Birmingham inayoshika nafasi ya pili imepita milioni 1 kidogo tu.

Sasa njooni Ujerumani. Nchi ina watu milioni 83 hivi, hakuna nyingine ndani ya Umoja wa Ulaya yenye watu wengi kiasi hicho. Berlin ina milioni 3.7. Hamburg karibu 1.9. München 1.5. Köln milioni 1 na ushee. Hapo majiji ya milioni yamekwisha! Frankfurt, ambayo haikosi kutajwa kwenye habari za fedha, haifiki laki nane. Stuttgart, Düsseldorf na Leipzig zinacheza kwenye laki sita na kitu, Dortmund na Essen ziko hapo hapo chini yao.

Na kazi za nchi zimetawanywa vile vile. Serikali iko Berlin, Benki Kuu Frankfurt, bandari kubwa Hamburg, Mahakama ya Katiba Karlsruhe, magari yanaundwa Stuttgart, München, Wolfsburg na Ingolstadt.

Hoja yangu: Ujerumani ilichelewa kuwa nchi moja. Mpaka 1871 zilikuwa falme, tawala ndogo ndogo na miji huru iliyojitawala yenyewe. Hata baada ya Napoleon, mwaka 1815, bado zilibaki dola kama 39. Kila mtawala alikuwa na mji wake, kasri lake, chuo chake na jeshi lake. Dresden, München, Stuttgart na Hannover zote zilikuwa makao makuu ya nchi kamili. Muungano ulipokuja, Berlin ilikuta wenzake wameshakomaa.

Mnaoijua nchi ile, hasa mnaoishi huko, karibuni mchambue.

#2 Kichuguu

Nimekaa mkao wa kusoma. Nyuzi za namna hii ndizo zinanirudisha humu.

#3 FundiBoila

Mzee, nakubali nusu. Mfalme hajengi jiji la watu laki sita, kazi ndiyo inalijenga. Chukua Essen. Mwanzoni mwa karne ya 19 kilikuwa kimji cha watu elfu chache. Kisha yakaja makaa ya mawe na viwanda vya chuma vya Krupp, na ilipofika 1910 mji ule una watu karibu laki tatu. Mfalme gani alikaa Essen? Hakuna. Dortmund, Bochum, Gelsenkirchen na Duisburg zina historia hiyo hiyo: makaa chini ya ardhi, mto Rhein pembeni wa kusafirishia, reli zikafuata, watu wakaja kutoka mbali, wengine kutoka maeneo ya Wapolandi, kuingia migodini.

Kwa hiyo ramani ya miji ya Ujerumani isome na ramani ya miamba mkononi.

#4 KipangaWaKilwa

Wote wawili mmeruka jambo kubwa. Berlin ILIKUWA jiji kubwa kweli kweli. Mwaka 1871 ilikuwa na watu laki nane na ushee. Mwaka 1920 ilipounganishwa na miji na vijiji vilivyoizunguka ikafika milioni 3.8, ikawa miongoni mwa majiji makubwa kabisa duniani, London na New York ndizo zilizokuwa mbele yake. Mwaka 1939 ilikuwa na milioni 4.3. Leo, zaidi ya miaka 80 baadaye, haijarudi pale! 

Hapo kuna vita, kuna kugawanywa na kuna ukuta uliosimama kuanzia Agosti 1961 hadi Novemba 1989. Muondoleeni Hitler na ukuta, leo tungekuwa tunazungumzia Berlin ya milioni saba au nane na uzi huu usingekuwapo.

#5 MzeeWaRamani

> KipangaWaKilwa amesema: Berlin ILIKUWA jiji kubwa kweli kweli

Ilikuwa kubwa, sikatai. Ila ipime kwa nchi yake. Ujerumani ya 1939, ukiitoa Austria waliyokuwa wameimeza mwaka uliotangulia, ilikuwa na watu milioni 69. Milioni 4.3 ndani yake ni asilimia 6 na kitu. Mwaka huo huo London ilikuwa na milioni 8.6 katika nchi ya watu milioni 47 hivi, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila sita. Hata katika enzi zake Berlin haikuwahi kuishika nchi namna ile. Hamburg ilikuwa imeshavuka milioni, Köln, München, Leipzig na Dresden ziko juu ya laki sita.

FundiBoila, nakuja kwako. Essen haikuwa na mfalme, sawa, ila München haikuwa na makaa ya mawe, na leo inaizidi Essen zaidi ya mara mbili. Hilo unalielezaje?

#6 FundiBoila

Nitalieleza: magari, umeme na bima, vilivyokuja baada ya makaa. Na tuulizane vimetoka wapi.

#7 MkaaGelsen

Naishi huku Ruhr, eneo hilo la Essen, Dortmund na Duisburg, acheni niwaambie mnachokikosa. Mnahesabu mipaka ya halmashauri, hamhesabu miji.

Panda tramu namba 107 pale Essen kituo kikuu. Inapita Zollverein, ule mgodi wa zamani wenye mnara mwekundu wa chuma uliofungwa 1986 na sasa ni urithi wa dunia wa UNESCO, halafu inaendelea mpaka Gelsenkirchen. Njia nzima ni nyumba, maduka ya Waturuki ya nyama za kuchoma, bustani ndogo za watu, kanisa, nyumba tena. Mahali unapotoka Essen na kuingia Gelsenkirchen huwezi kupajua kwa macho, utakiona kibao tu. Ukienda Duisburg unapanda U79, inakushusha Düsseldorf, ambayo ni mji mkuu wa jimbo. Tramu!

Ruhr yote ina watu zaidi ya milioni 5, imegawanyika katika miji na manispaa 53, kila moja na meya wake. Ukiongeza Düsseldorf, Köln, Bonn na Wuppertal unafika kwenye milioni 10 na kitu. Jiji kubwa kuliko Berlin lipo, mzee. Limekatwa vipande.

#8 Yanga_Damu

Na hawataungana milele. Mwambie shabiki wa Dortmund kuwa kuanzia kesho yeye na wa Schalke, timu ya Gelsenkirchen, ni jiji moja, uone.

#9 MkaaGelsen

@Yanga_Damu umecheka, ila hapa hilo ni jambo zito. Wiki ya mechi yao hata kazini watu wanakaa meza mbili tofauti. Mimi nimeshajua rangi ya fulana ya kutovaa.

#10 Mwalimu_Kibaoni

MkaaGelsen umesema kweli na hilo la mipaka linapotosha orodha nzima. Berlin ina kilomita za mraba 891, Hamburg 755. Stuttgart ina 207 tu, Frankfurt 248, München 310. Hamburg ilitanuliwa 1937 kwa sheria iliyoiingizia Altona, Wandsbek na Harburg, miji iliyokuwa inajitegemea. Frankfurt haikupata bahati hiyo, ila eneo zima la Rhein-Main linaloizunguka, pamoja na Mainz, Wiesbaden na Darmstadt, lina watu zaidi ya milioni 5.

Kwa hiyo swali la jiji la tano kwa ukubwa lina jibu moja kwenye vitabu na jingine ukiwa barabarani saa moja asubuhi.

#11 Dogo_Tosamaganga

Wakuu shikamooni. Niko kidato cha sita, nasoma HGL. Naomba mtu anieleweshe umbo la nchi yenyewe kwanza, milima iko wapi na mito inaelekea wapi, maana mnataja miji naona giza. Pia Hamburg si iko pwani ya bahari? Mbona hamlisemi?

#12 BintiChukwani

Marahaba mdogo wangu. Hamburg haiko baharini. Iko kwenye mto Elbe, ndani kabisa, kilomita kama 100 kutoka bahari ya Kaskazini. Ila maji ya bahari yanaifuata huko huko! Mimi nimezaliwa Unguja, nimekulia kwenye maji kujaa na kupwa, na kitu kilichonishangaza nilipohamia Hamburg ni kukiona kitu hicho mtoni.

Pale Landungsbrücken, gati ya vivuko, gati lenyewe linaelea. Watu wanashuka kwenye vidaraja vya chuma. Maji yakijaa, kidaraja kinalala karibu sawa na barabara, mama anasukuma kigari cha mtoto bila shida. Yakipwa, kidaraja kile kile kinasimama kama ngazi na wazee wanashikilia reli ya pembeni. Tofauti inazidi mita 3. Meli kubwa za makontena zinasubiri saa ya maji ndipo ziingie.

Na maji hayo yameua. Februari 1962 dhoruba iliyasukuma maji ya bahari ndani ya Elbe usiku, kingo zikapasuka, wakafa watu 315 Hamburg peke yake, wengi mtaa wa Wilhelmsburg. Mpaka leo kwenye majengo ya maeneo yale utakuta alama ya maji yalipofika.

Kuhusu mada: Hamburg imejiona nchi tangu zamani. Ni jimbo na ni jiji, kama Berlin na Bremen. Gari zake zina herufi HH kwenye kibao, yaani Hansestadt Hamburg, kukumbuka enzi ya umoja wa wafanyabiashara wa Hansa. Hawajawahi kusubiri mfalme wa Berlin awaambie la kufanya.

#13 Mwalimu_Kibaoni

Dogo, asante kwa swali, wengi wanalo ila wanaogopa kuuliza.

Igawe nchi kwa mikanda mitatu kutoka kaskazini. Wa kwanza ni tambarare. Kuna mahali jimbo la Schleswig-Holstein ardhi iko mita 3 na nusu chini ya usawa wa bahari. Berlin yenyewe imekaa kwenye mchanga, mita 30 na kitu tu juu ya bahari, katikati ya mito midogo Spree na Havel na maziwa mengi. Wa pili ni vilima na milima ya wastani: Harz, Eifel, Msitu wa Thüringen, na kusini-magharibi Msitu Mweusi. Wa tatu ni nyanda za juu za Bayern, jimbo la München, zinazopanda mpaka Alps, ambako kilele cha Zugspitze kina mita 2,962. Hiyo ni nusu ya Kilimanjaro, usitishike.

Mito sasa, na hapa ndipo nina hoja yangu. Rhein, Weser, Elbe na Oder yote inatoka kusini kwenda kaskazini, kila mmoja kwa njia yake, haikutani. Rhein unamwagia Uholanzi, bandari yake ni Rotterdam. Weser una Bremen na Bremerhaven. Elbe una Hamburg. Oder una Szczecin, ambayo leo ni ya Poland. Donau nao unaanzia Msitu Mweusi unageuka kwenda mashariki mpaka bahari Nyeusi. Linganisha na Paris: imekaa katikati ya bonde la Seine, mito ya Marne na Oise inakusanyika jirani yake, na nchi tajiri kwa kilimo imeizunguka pande zote.

Ujerumani haina kitovu cha namna hiyo. Kila bonde lilizaa jiji lake na bandari yake. Hata Ujerumani ingekuwa na mfalme mmoja tangu mwaka 1000, angepata tabu kuyavuta mabonde hayo mahali pamoja.

#14 Dogo_Tosamaganga

Nimeelewa sana mwalimu, asante. Nimechora.

#15 KipangaWaKilwa

Mwalimu, mito ni hoja nzuri ila reli iliifuta. Kufikia miaka ya 1870 reli nyingi kubwa zilikuwa zinaelekea Berlin, na pale ndipo ilipoanza kukua kwa kasi ya kutisha. Siemens ilianzia Berlin. Deutsche Bank ilianzishwa Berlin 1870. Allianz ilianzishwa Berlin 1890. Leo Siemens na Allianz ziko München, Deutsche Bank iko Frankfurt. Zilihama kwa sababu Berlin ilizungukwa na Wasovieti pande zote, nani ataweka makao makuu ya benki kwenye kisiwa?

FundiBoila uliuliza umeme na bima za München zimetoka wapi. Zimetoka huko. Bayern iliokota alichoangusha Berlin.

#16 FundiBoila

Hiyo umenimalizia kazi. Na Audi vile vile, walitokea Zwickau upande wa Sachsen, Wasovieti walipochukua viwanda wakaanza upya Ingolstadt.

#17 Bibi_Msikilizaji

Wajukuu zangu, mimi si msomi wa ramani ila miji hii naijua kwa sikio. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilianza 1963, na mume wangu alikuwa na redio yake ya mkulima, jioni hakuna wa kusema neno. Tulikuwa tunasikia matangazo yanatoka Köln, baadaye tukaanza kusikia Bonn. Nikawa najiuliza kwa nini redio ya taifa kubwa hivyo haiko mji mkuu. Hebu nielezeni.

#18 MzeeWaRamani

Shikamoo bibi. Ukweli ni kwamba wakati idhaa inaanza, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi ulikuwa Bonn, kamji ka chuo kando ya Rhein, na Köln iko jirani tu. Bonn ilichaguliwa 1949 kwa nia ya kuwa ya muda. Frankfurt ilitaka nafasi hiyo ikaikosa, na wengi walihofia kwamba Frankfurt ikichukua, Berlin haitarudi tena.

Baada ya muungano, Bunge lilipiga kura tarehe 20 Juni 1991: Berlin kura 338, Bonn 320. Tofauti ya kura 18! Serikali na Bunge vilihamia 1999, ila baadhi ya wizara zina makao yake makuu Bonn hadi leo, na DW ilihamia Bonn kutoka Köln mwaka 2003.

Bibi, tazama hapo tena. Walipokuwa na nafasi ya kurundika kila kitu Berlin, hawakufanya.

#19 Mgogo_Halisi

Sisi wa Dodoma tunaelewa hiyo ya wizara kuchelewa kufungasha.

#20 Sakina_wa_Mombasa

Hamjambo ndugu zangu. Nina swali kwa Mzee. Hapo kwenye kutawanya mahakama na ofisi, mnaona ni matokeo au ni sababu? Huku Kenya tulileta kaunti 47, katiba ya 2010, na bado kijana wa Kitui akimaliza shule anapanda basi la Nairobi. Kugawa ofisi peke yake hakuhamishi watu.

#21 MzeeWaRamani

Dada Sakina, hapo ndipo penyewe. Mahakama ya Katiba iko Karlsruhe, ya kazi iko Erfurt, ya utawala iko Leipzig, takwimu na polisi wa upelelezi Wiesbaden, wakala wa ajira Nürnberg. Hizo zinagawa heshima, watumishi wake ni elfu chache. Linalohamisha watu ni kwamba kila jimbo, yote 16, lina fedha zake, vyuo vikuu vyake na sera yake ya shule. Kijana wa Freiburg hapungukiwi chochote akisoma Freiburg. Kaunti zenu zina miaka kumi na kitu, majimbo yale mengine yana mizizi ya karne.

#22 Sakina_wa_Mombasa

Kumbe basi muulize pia wale waliochora majimbo baada ya vita. Nordrhein-Westfalen ilizaliwa 1946, Waingereza ndio walioiunda kwa kuunganisha vipande. Leo ndilo jimbo lenye watu wengi kuliko yote, milioni 18. Mizizi ya karne iko wapi hapo?

#23 Kichuguu

Pwani wamepiga bao.

#24 Mtaalamu_wa_Namba

Nimechelewa. Kwanza sahihisho dogo kwa wanaosambaza orodha za zamani, kuna mtu ameninukuu faragha kuwa Köln ina milioni 1.08. Sensa ya 2022 iliishusha hadi karibu na milioni 1.02. Nchi nzima iligundulika kuwa na watu pungufu kwa takriban milioni 1.4 kuliko walivyodhani, watu waliohama bila kujiondoa kwenye daftari la manispaa. Kwa hiyo ukiona tovuti mbili zinatofautiana, angalia kama namba ni za kabla au baada ya sensa.

Pili, jambo hili lina jina la mtu. Mwanajiografia wa Marekani, Mark Jefferson, aliandika 1939 kuhusu majiji yanayozidi la pili yake kwa mbali katika nchi moja. Ujerumani ukiipima, Berlin inaizidi Hamburg mara mbili tu, na Hamburg inazidi Köln kidogo tu chini ya mara mbili. Ngazi imeshuka taratibu. Dar ukiilinganisha na Mwanza ndipo utaelewa alichomaanisha.

#25 Mama_Leipzig

Mmesahau mashariki. Mimi niko Leipzig, mji ambao chuo kikuu chake kinafundisha Kiswahili, kwa hiyo usishangae kusalimiwa na kijana wa Kijerumani "mambo" kwenye foleni ya mkate. Mwaka 1989 mji huu ulikuwa na watu zaidi ya laki tano, na hapa ndipo maandamano ya Jumatatu yalipoanzia. Ukuta ulipoanguka viwanda vikafungwa, watu wakaondoka kwenda magharibi kutafuta kazi. Majirani zangu wazee wanasimulia mitaa mizima ya nyumba nzuri za ghorofa nne, mlango wa chini umepigiliwa mbao, miti imeota kwenye mabomba ya paa.

Sasa umejaa tena, tumepita laki sita, kodi imepanda kila kona. Lakini Chemnitz, Gera, Hoyerswerda? Hazikurudi. Kwa hiyo anayesema Ujerumani imegawa neema sawa kila mahali aje apande treni za mikoani huku.

#26 Mtafuta_Viza

Wakuu nje ya mada kidogo. Nimepata nafasi ya mafunzo ya uuguzi, nichague München au mji mdogo?

#27 Mama_Leipzig

Mji mdogo, kaka. München mshahara wa mwanafunzi unaishia kwenye chumba. Na ukiwa na ile tiketi ya mwezi ya nchi nzima iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 (imepanda tangu hapo), treni za mikoa na mabasi yote unapanda. Utazunguka miji yote hii inayobishaniwa hapa.

#28 Chande_Mizigo

@Mtafuta_Viza ukikata tiketi soma jina la mji mpaka mwisho. Mdogo wangu alialikwa na rafiki yake Frankfurt, akajiona mjanja kapata nauli nzuri kutoka Berlin, ndani ya saa moja na kitu kafika. Kashuka, hakuna maghorofa ya benki, kuna mto na daraja, ng'ambo ni Poland. Ilikuwa Frankfurt ya mto Oder. Rafiki anamsubiri Frankfurt ya mto Main, upande wa pili wa nchi.

#29 KipangaWaKilwa

Chande kisa chako kinanisaidia hoja. Saa moja tu kutoka mji mkuu unagusa mpaka! Berlin haikujengwa pembeni. Kabla ya 1945 Ujerumani ilienea mashariki mpaka Königsberg, leo ni Kaliningrad ya Urusi, na Breslau, leo Wrocław ya Poland, lilikuwa jiji la watu zaidi ya laki sita. Berlin ilikuwa katikati ya hayo yote. Mpaka ulisogezwa hadi Oder na Neisse, mji mkuu ukabaki pembeni, nyuma yake hakuna nchi ya kuulisha. Na pande zote umezungukwa na jimbo la Brandenburg ambalo mwaka 1996 lilipiga kura kukataa kuungana nao.

#30 Mchambuzi_Lindi

Mkizungumzia Berlin msisahau kuwa mkazi wake mrefu kuliko wote katoka kwetu. Mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 na kubebwa na wapagazi kichwani mpaka bandari ya Lindi, imesimamishwa kwenye makumbusho yao, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Babu zetu ndio waliotembea na mizigo ile. Lindi tumebaki na nini?

#31 Yanga_Damu

Irudi.

#32 BintiChukwani

Naunga mkono. Hamburg na Dar ni miji dada tangu 2010, na hapa Hamburg yenyewe majadiliano ya mambo ya ukoloni yanaendelea, mitaa mingine imeshabadilishwa majina.

#33 Msimamizi

Suala la Tendaguru ni zito, linastahili uzi wake. Mchambuzi_Lindi tafadhali ufungue. Hapa turudi kwenye majiji.

#34 MkaaGelsen

Nirudi basi na mto. Mwalimu, KipangaWaKilwa kasema reli iliufuta mto, mimi nakataa. Duisburg, pale mto Ruhr unapoingia Rhein, ni bandari kubwa ya ndani kuliko zote Ulaya. Agosti 2022 ukame ulipokuja, kipimo cha maji cha Kaub, kwenye mto Rhein, kilishuka chini ya sentimita 40. Matishari yalikuwa yanapita na robo ya mzigo, unaliona tumbo la chuma likiwa juu ya maji, na viwanda vya kemikali vya Ludwigshafen vilikuwa roho juu. Mto bado unaamua.

Ila uchimbaji wa makaa huku umekwisha kabisa. Mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Na bado watu milioni 5 tuko hapa. FundiBoila, kama makaa ndiyo yalijenga, mbona miji haijafa?

#35 FundiBoila

Kwa sababu mji ukishakuwapo una shule, hospitali, reli na makaburi ya wazazi. Kuuanzisha ni kazi, kuuondoa ni kazi zaidi. Hata hivyo Essen na Gelsenkirchen zilikuwa na watu wengi zaidi miaka ya 1960 kuliko leo, hilo hulikatai.

#36 Mzee_wa_Kigoma

Nimesoma kuanzia juu hadi hapa, nashangaa jiji moja halijatajwa. Wien, yaani Vienna, mji mkuu wa Austria!

Kwa karne nyingi jiji kubwa la watu wanaozungumza Kijerumani lilikuwa Wien, makao ya wafalme wa Habsburg. Mwaka 1910 lilikuwa na watu milioni 2. Prussia, ufalme uliotawala kutoka Berlin, ilipoipiga Austria mwaka 1866 na kuunda Ujerumani yake 1871, iliiacha Wien nje kwa makusudi. Kwa hiyo London ya Wajerumani ilikuwapo, wakaizungushia mpaka ikabaki nchi ya jirani. Hata leo, ikiwa na milioni 2, ingekuwa ya pili baada ya Berlin.

Mnatafuta sababu kwenye mito na makaa, mimi naona uamuzi wa Bismarck, waziri mkuu wa Prussia.

#37 Mwalimu_Kibaoni

Mzee wa Kigoma, heshima yako. Lakini Wien iko kwenye Donau, na Donau unaenda mashariki, Budapest na Belgrade. Wien ilikua kwa kulishwa na Bohemia, Hungary na Galicia, haikulishwa na Bremen wala Köln. Ungeiingiza ndani ungepata jiji la tano lenye bonde lake, hoja yangu ingezidi nguvu.

#38 KipangaWaKilwa

Au ungepata majiji mawili makubwa yanayogombana, kama Madrid na Barcelona. Mzee wa Kigoma usiondoke, hili la 1866 nataka tulichimbe. Kwa nini Prussia haikuhamishia makao yake Frankfurt, ambako mikutano ya Shirikisho la dola zile za Kijerumani ilikuwa inafanyika tangu 1816? Waliuteka mji ule 1866 hiyo hiyo, wakaufanya wa mkoani.